Mkopo wa Siku 91: Barua Zenu za Mwezi Huu

Karafuu za vuli zimewajibu watu, pesa zimeingia mikononi, na barua nilizoletewa safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tano. Kwa msomaji mgeni: nimekaa miaka 31 nyuma ya kaunta ya benki hapa Chake Chake, na ile minane ya mwisho kazi yangu ilikuwa kupokea fomu za watu wanaotaka kuikopesha serikali. Sikusomea uchumi. Nimesomea foleni.

*

"Assalaam alaykum. Nimeuza karafuu zangu, nimewalipa wachumaji, nimelipa deni la duka, nimebakiwa na milioni 5 na kidogo. Mtoto wa dada yangu aliyeko Unguja ananambia ninunue 'tibili' za serikali, eti bora kuliko kuiacha pesa benki ikalala. Mimi sikusoma sana. Tibili ni nini, na nikishaipa serikali pesa yangu nitaipataje tena?" — Mama wa Konde

Waalaykum salaam, bi mkubwa. Tibili ni jina la mdomoni, la watu wa benki. Kwenye matangazo utaona imeandikwa dhamana ya serikali ya muda mfupi. Kutosoma kwako hakukuzuii, maana biashara hii umeiona tangu utotoni, ila kwa jina jingine.

Mtu wa kwenu ana mikarafuu 40, imebeba vizuri, lakini kuchuma bado wiki nyingi na yeye ana shida ya leo: bati linavuja, mgonjwa yuko hospitali. Anamwendea mwenye pesa, anamkodisha mikarafuu ile. Mwenye pesa hatoi thamani yote ya karafuu zitakazopatikana. Anatoa pungufu, kisha anakaa kusubiri, na ule upungufu ndio malipo ya kusubiri kwake. Serikali nayo ina shida za leo. Kodi haziingii kila siku kwa kipimo kimoja. Mwisho wa robo mwaka zinamiminika, katikati zinadondoka, na mishahara haingoji. Basi Hazina inauza ahadi: nipe pungufu leo, siku fulani nitakulipa kamili. Tofauti na mikarafuu ni kwamba mkodi anaweza kupigwa na mvua ya wiki mbili karafuu zikaoza jamvini. Kwenye dhamana kinachoiva ni siku, na siku haiozi.

Ahadi hizo ni za aina 4: siku 35, 91, 182 na 364. Zigawe kwa 7, hazibakizi kitu. Mnada hufanywa Jumatano, malipo hufanywa Alkhamisi, kwa hivyo dhamana inayozaliwa Alkhamisi inaiva Alkhamisi, haikuangukii Jumapili benki zimefungwa. Wakati nafanya kazi nilimuuliza kijana mmoja aliyetoka chuo kikuu kwa nini ni 364 na si 365. Akanijibu kuwa hicho ni kiwango cha kimataifa. Nikamwambia afungue kalenda.

Bei yake hutajwa kwa kila shilingi 100 utakazolipwa mwisho. Tuseme ya siku 364 imeuzwa kwa 92.60, huu ni mfano wangu mimi, si bei ya mnada wa wiki fulani. Ukitaka ya milioni 5, unatoa 4,630,000. Siku ikifika, inaingia 5,000,000 kwenye akaunti yako. Ziada ni 370,000, na kodi ya zuio inachukua asilimia 10 ya ziada hiyo, yaani 37,000. Unabaki na 333,000. Katikati hapa hakuna kitu kinachoingia, si cha mwezi wala cha nusu mwaka. Hati fungani za miaka ndizo zinazolipa kila baada ya miezi 6, nazo ni habari nyengine.

Sasa chukua ya siku 91 kwa bei ya 98.60. Unatoa 4,930,000, ziada yako 70,000. Mzee mmoja wa Ziwani alinisukumia fomu yangu pale pale kaunta: "Elfu 70? Hiyo si nauli ya boti mimi na wajukuu?" Alikuwa hakuhesabu kwamba elfu 70 ile ni ya miezi 3. Ukiinyoosha hadi mwaka mzima inafika karibu asilimia 5.7, na ile ya siku 364 inafika 8. Ya mwaka ndiyo iliyolipa zaidi katika mfano huu, lakini si kwa zaidi ya mara 5 kama macho yanavyoona.

Mimi mwenyewe, pamoja na kaunta yangu na miwani yangu, nilianguka mahali pengine kabisa. Mwaka mmoja niliitia akiba yangu yote kwenye ya siku 364, nikijiona mjanja kuliko wenzangu. Mwezi wa tano wakaja watu kumposa binti yangu, wakataka harusi baada ya Idi. Dhamana huwezi kuirudisha Hazina ukadai chako kabla ya siku yake. Unaweza kumtafuta wa kuinunua, au kuiweka rahani benki ukakopeshwa. Nikaiweka rahani. Mkopo ule ukala faida yote ya dhamana na kidogo juu yake. Hadi leo mke wangu akisikia redioni habari ya mnada huniuliza mara hii ni harusi ya nani.

Kwa hivyo kabla hujauliza bei, bi mkubwa, kaa na kalenda yako. Mwezi gani unapalilia? Lini unahitaji pesa ya wachumaji, maana hao hawangoji Alkhamisi? Ningekuwa wewe ningezigawa: kidogo siku 91, kidogo 364, na laki kadhaa ziachwe benki zilale tu, maana nazo zina kazi yake.

Jambo la mwisho kwako: hupewi karatasi ya kufungia kwenye kanga. Jina lako linaandikwa kwenye daftari la kielektroniki la Benki Kuu, na malipo yanarudi kwenye akaunti uliyoitaja. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba unayo. Nimewaona warithi wakifungua sanduku la marehemu, wakakuta risiti moja iliyofifia, hawajui ni ya nini.

*

"Barazani kwetu kuna bwana mmoja anashikilia kwamba serikali ikiuza dhamana ni sawa na kuchapa noti, ndiyo maana mchele unapanda. Mimi nasema si hivyo, lakini nikishindwa kumweleza Benki Kuu inahusika nini, wote wananicheka. Nisaidie kabla ya kahawa ya Ijumaa." — Mwalimu wa skuli, Mkoani

Mwalimu, muulize huyo bwana swali moja: nani kanunua?

Akinunua mama wa Konde, au ukinunua mfuko wa pensheni, au ikinunua benki ya biashara kwa pesa ilizonazo, shilingi imehama mfuko huu ikaingia mfuko ule. Noti mpya hakuna. Benki Kuu yenyewe ikiikopesha serikali, hapo ndipo shilingi inazaliwa ambayo jana haikuwepo, na bwana wako angekuwa na haki yake. Sheria ya Benki Kuu imeuwekea mkopo wa namna hiyo kikomo kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye mnada wa Jumatano Benki Kuu ni dalali. Inatangaza, inapokea bei, inazipanga kuanzia ya juu kushuka chini mpaka kiasi inachotaka Hazina kitimie, na waliobaki chini wanarudi na pesa zao. Udalali huu si mpya. Waingereza walianza kuuza hati za namna hii mwaka 1877 kwa shauri la mhariri mmoja, Walter Bagehot, miaka 6 kabla Seyyid Barghash hajaisimamisha Beit el-Ajaib pale Forodhani. Kwetu Tanzania minada ilianza 1993.

Lakini Benki Kuu ina kofia ya pili, na nadhani hii ndiyo inayomchanganya rafiki yako. Ukiacha udalali, ina kazi yake mwenyewe ya kuchunga wingi wa pesa ndani ya mabenki. Watu wa kazi hiyo huuita ukwasi.

Kila benki ina akaunti kwa Benki Kuu kama wewe ulivyo na akaunti kwenye benki yako. Zikijaa kupita kiasi, benki zinakopeshana kwa bei ya bure na pesa inaanza kumwagika. Zikikauka, benki inayohitaji shilingi za leo usiku inatozwa na mwenzake bei ya kunyonga. Benki Kuu inakaa katikati na beseni, mara inachota, mara inamimina.

Inachotaje? Hapa, mwalimu, wakumbushe wazee wa barazani habari ya bei khiyari. Karne ya 19, mwenye shamba la mikarafuu akiwa na shida alimwendea mfanyabiashara akamuuzia shamba kwa sharti: ana khiyari ya kulinunua tena, kwa bei waliyopatana, kabla ya muda waliopatana. Kwa jina ni mauzo, kwa kazi ni mkopo. Mabenki ya leo yanaita repo, na umbo lake ni lile lile. Benki Kuu inaiuzia benki dhamana ilizonazo, na hapo hapo inakubali kuzinunua tena baada ya siku kadhaa kwa bei ya juu kidogo. Pesa ya benki inatoka kwenye akaunti yake na haipo tena sokoni mpaka siku hizo zimalizike. Imekwenda wapi? Watu hupenda kudhani imefichwa kwenye chumba fulani. Haikwenda popote, mwalimu. Imefutwa kwenye daftari, na siku ya kununua tena inaandikwa upya. Benki Kuu ikitaka kumimina, inageuza: yenyewe ndiyo inayonunua dhamana kutoka benki, na benki ndiyo inayoahidi kuzirudisha pesa. Wazee wetu wengi walipoteza mashamba kwenye bei khiyari, maana karafuu zilianguka bei na muda ukapita. Kwenye repo hakuna shamba la kupotea. Ni siku chache tu, na dhamana zimo ndani ya daftari moja.

Ukitaka kuona ukwasi kwa macho huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Uangalie msimu wa karafuu hapa hapa. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inawalipa wakulima, wakulima wanataka noti, si namba kwenye simu, na kwa wiki kadhaa noti zinatoka benki kwenda Micheweni, Kojani, Mtambile. Nilikuwepo. Ilifika siku tukawaomba wateja wakubwa warudi kesho. Pesa iliyoko chini ya godoro la mtu wa Kojani ni pesa halali, lakini benki haiwezi kuikopesha. Kule Bara korosho na pamba zinafanya vivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi. Tena mwisho wa robo mwaka, walipa kodi wakubwa wanapolipa, shilingi zinahama kutoka benki zao kwenda akaunti ya serikali iliyoko Benki Kuu, na soko linakauka kwa siku chache ingawa hakuna aliyefilisika. Nyakati hizo ndizo za kumimina. Mishahara ikitoka na madeni ya makandarasi yakalipwa, inarudi zamu ya kuchota.

Zamani Benki Kuu ilikuwa ikilenga wingi wenyewe wa pesa. Tangu Januari 2024 inalenga bei ya pesa. Inatangaza riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5, ikapanda 6 mwezi wa nne mwaka huo huo, ikashuka 5.75 mwezi wa saba 2025. Kisha inaangalia benki zinakopeshana kwa bei gani mikopo ya siku 7, na kazi yake ni kuhakikisha bei hiyo haitoki nje ya uzio wa asilimia 2 juu na 2 chini ya riba iliyotangazwa. Ikitaka kuruka uzio kwa juu, inamimina. Ikitaka kupita kwa chini, inachota.

Mchele wa Mkoani, sasa. Mwambie bwana yule kwamba mchele unapanda pia kwa bei ya dola, kwa mafuta ya meli, na kwa muuzaji mwenye duka peke yake mtaani. Akikataa hilo la mwisho, mwachie kahawa yake.

*

"Nikinunua dhamana, pesa yangu itajenga barabara ya Pemba au inakwenda Dodoma moja kwa moja?" — Kijana wa Gombani

Inakwenda Hazina ya Jamhuri ya Muungano, kijana wangu. Sarafu na Benki Kuu ni mambo ya Muungano, na dhamana hizi ni deni la Serikali ya Muungano. Haina alama ya barabara yoyote, inaingia kwenye chungu kimoja na kodi. Mimi nisingemdanganya mtu kwamba ananunua lami ya Chake kwenda Wete. Kama unataka kuikopesha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) yenyewe, soma jibu linalofuata. Na hata usiponunua chochote, yumkini shilingi yako iliyoko benki imeshakwenda huko, maana mabenki ndiyo wanunuzi wakubwa kwenye minada hii.

*

"Je, hiyo ziada si riba? Mume wangu amekataa katakata." — Mama wa Machomane

Bi mdogo, mimi nilikuwa karani, sikuwa shekhe. Nikuambie umbo la jambo, hukumu muulize anayeijua. Unampa serikali 4,630,000, atakulipa 5,000,000 siku maalumu, na hakuna bidhaa wala mali iliyopita baina yenu. Mfano wangu wa mikarafuu juu huko ni wa kufahamisha, usiufanye fatwa: mkodi wa mikarafuu ana karafuu na ana hasara akipigwa na mvua, mwenye dhamana hana hili wala lile. Mashekhe wengi niliowasikia hapa kwetu wanaiita riba moja kwa moja, na mumeo hakukosea kusita. Nimewaona wateja waliorudi kaunta wakaniomba niichane fomu, nikaichana, tukanywa maji.

Kwa wenye moyo huo kuna sukuk. SMZ ilizindua ya kwanza yake mwaka 2025. Mwenye sukuk anakuwa na sehemu katika mali au mradi, anacholipwa kinatokana na kodi ya pango au faida ya mali ile, si na urefu wa siku peke yake. PBZ, ile Benki ya Watu wa Zanzibar, ina huduma za Kiislamu pia, mpaka hapa Pemba. Waulize mali ni ipi na nani anaisimamia. Karani akikujibu kwa neno la Kiarabu bila ya kulieleza, muulize tena.

*

"Nilikwenda benki moja Wete kuulizia dhamana, karani akanambia hizo ni za makampuni. Nikatoka na aibu yangu. Ni kweli?" — Mvuvi

Si kweli, yakhe, na aibu si yako. Kiwango cha chini cha dhamana ya muda mfupi ni shilingi 500,000. Nadhani karani yule hakutaka kazi ya fomu. Naijua ile fomu, ni ndefu.

Rudi, lakini usimuulize wa dirishani. Muulizie anayeshughulikia dhamana za serikali, au uulize kama benki hiyo ni mshiriki wa minada. Kama si mshiriki, jaribu nyengine, au dalali wa soko la mitaji aliyesajiliwa. Chukua kitambulisho, namba ya akaunti yako na picha. Utafunguliwa kwanza akaunti ya dhamana Benki Kuu, na hilo halifanyiki siku moja, basi usilipeleke siku ya mnada. Wakikuuliza bei unayotaka na hujui, sema unakubali bei ya wastani ya waliofaulu. Mnunuzi mdogo anaruhusiwa, na ni bora kuliko kubahatisha ukakosa. Uliza pia benki inakata nini kwa kazi yake, wakuandikie, kwa sababu kwenye laki 5 makato ya elfu chache yanakula ziada kuliko kodi.

Minada huja kila baada ya wiki mbili. Peleka fomu yako Jumatatu, pesa ikiwa imeshaingia kwenye akaunti. Ukitoka baharini ukafika Jumatano adhuhuri, umechelewa. Kauze samaki wako, urudi wiki mbili mbele.